Je, maji ya karafuu yanaweza kuchukua nafasi ya jiki kwenye keni za maziwa?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nafuga ng'ombe watatu Machame, Kilimanjaro. Harufu ya jiki kwenye keni imenichosha. Jirani yangu anasuuzia zake kwa maji ya karafuu na mwarobaini yaliyochemshwa, anasema yanaua bakteria wote. Niache jiki?

Jibu: Njema, mama. Kuhusu karafuu jirani hajakosea. Kosa lake liko kwenye sufuria. Kinachoua bakteria ni eujenoli, sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Huharibu utando wa seli ya bakteria, vilivyomo ndani vikavuja. Ni ndugu wa fenoli, dawa ambayo daktari wa upasuaji Joseph Lister aliitumia kwenye vidonda miaka ya 1860. Si imani za bibi, basi.

Lakini eujenoli haikai vizuri kwenye maji, na ukichemsha inaondoka na mvuke. Ile harufu tamu inayojaa jikoni ndiyo dawa yenyewe inakimbia! Kilichobaki sufuriani hujui kina nguvu gani, na kesho kitakuwa na nguvu nyingine. Viwandani, timoli, dawa ya kuua bakteria ambayo nayo hutoka kwenye mimea, huchanganywa na viambato vya kuisambaza majini, na baadhi ya lebo hutaka sehemu inayosafishwa ibaki imelowa hadi dakika 10. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas, wapenda unyevu wa keni, ni wabishi zaidi kwa mafuta haya.

Halafu maziwa hunyonya harufu. Mpokeaji kwenye kituo cha kukusanya maziwa hufungua keni akanusa kwanza. Akisikia pilau, unarudi nayo nyumbani. Mwarobaini sitausemea sana: uchungu wake unaujua.

Mbadala wako wa kweli ni maji ya moto. Suuza kwanza kwa maji ya baridi, maana ya moto hugandisha protini ya maziwa kwenye chuma. Sugua kwa brashi na sabuni, suuza tena, kisha mimina maji yanayochemka, funika dakika 5, mwaga, pindua keni kichanjani. Gharama ni kuni tu.

Siku kuni hazipo, tumia jiki ya asilimia 3.5: mililita 6 kwa lita ya maji, dakika 2, mwaga, acha ikauke. Nahisi huwa unakadiria kwa macho, ndiyo maana inanuka. Ila usije ukatia ndimu kukata harufu: tindikali ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.