Usimwage kokoto kabla hujapima reli kwa sarafu

Mkuu, weka hiyo gundi chini kwanza.

Umeuliza mambo mengi kuhusu meza yako ya treni za mfano: kokoto ziwe za rangi gani, handaki lipakwe nini ndani, miti utengeneze mwenyewe au ununue, picha ya milima ya ukutani ianzie urefu gani. Picha zako nimeziona. Stesheni imetulia, kona ni pana, mwinuko wa kwenda darajani ni wa taratibu. Lakini katikati ya maelezo umepitisha sentensi moja kama jambo dogo: umeme umeunganisha kwa nyaya mbili pale stesheni tu, treni inazunguka safi, na wikiendi hii unamwaga kokoto. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. HO (treni ndogo za kipimo cha 1 kwa 87), DCC (mfumo wa kidijitali unaopitisha umeme na amri kwenye reli), busta ya ampea 5 (kifaa kinachosukuma umeme huo relini), reli inayozunguka meza nzima, handaki kwenye kona iliyo mbali kabisa na stesheni. Meza yangu ilikuwa hivyo hivyo, na najua inakoelekea.

Mimi nilimwaga. Gundi nyeupe nimeizimua kwa maji, nimetia tone la sabuni ya vyombo ili ipenye, naidondosha kwa bomba la sindano katikati ya mataruma. Kazi ile inauma mgongo, ila ukimaliza unatazama mezani unaona reli kweli kweli. Treni ikazunguka vizuri kwa muda. Kisha upande wa mbali ukaanza vituko: taa za kichwa cha treni zinafifia kikifika kona, sauti inakatika na kuanza upya, mlimani kinasuasua. Nikasafisha reli, nikasafisha magurudumu, nikailaumu dikoda, ile bodi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri za DCC. Viunganishi vya reli, vile vibati vyembamba vinavyobana kitako cha reli mbili zinapokutana, hakuna aliyenitajia. Na hata angenitajia, vilikuwa vimeshazikwa.

Kusuasua ni jambo dogo, mtu anaweza kuishi nalo. Balaa lilitokea ndani ya handaki. Kichwa kiliacha njia kwenye pointi, pale reli inapogawanyika njia mbili, gurudumu la mbele likagusa reli isiyo yake. Shoti ya kawaida kabisa, hakuna mtu wa hobi hii ambaye haijamtokea. Busta ilitakiwa ikate umeme papo hapo. Haikukata. Niliona treni haitokei upande wa pili, nikadhani imekwama tu, nikaenda kutafuta tochi. Harufu ya plastiki ikanifikia kabla sijaiwasha.

Nilipokitoa, fremu inayoshika magurudumu ya mbele ilikuwa imelegea kama nta, ekseli imezama upande mmoja na haizunguki. Nikafungua bodi lake. Ule waya mwembamba unaochukua umeme kutoka magurudumu ya mbele ulikuwa umebaki shaba tupu, plastiki yake imeyeyuka na kugandia kwenye chasi. Dikoda ina doa jeusi katikati, limevimba kama lengelenge. Chini yake mataruma yamebonyea na reli imejibana, nafasi kati ya reli na reli si ile 16.5 mm tena, kwa hiyo hata behewa zima lingepita pale lingeanguka. Hicho kichwa hakitengenezwi tena kiwandani. Nilikipenda kuliko vyote nilivyo navyo.

Na hasara haikuishia hapo. Ili niweke nyaya zilizotakiwa kuwepo tangu mwanzo, ilibidi ning'oe kokoto. Watu watakwambia gundi nyeupe hulainika kwa maji ya uvuguvugu. Hulainika, sawa, lakini inageuka tope, na tope hilo linatafuta pa kuingia. Likiingia kwenye ndimi za pointi, zile reli zinazosogea kubadili njia, na kwenye kile kijiti kinachozisukuma, likikauka tena, pointi imekwisha. Pointi zote za upande ule nilizitupa. Ukichukua bei ya kichwa, dikoda, pointi na reli nilizopinda wakati wa kuzibandua, ungenunua waya wa kutosha meza yako, meza ya jirani yako, na ukabaki na akiba.

Sasa elewa kwa nini busta haikukata, maana hapa ndipo wengi wanapopotoshwa. Reli zetu nyingi ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Zinang'aa kama fedha lakini fedha hamna ndani, na ukinzani wake kwa umeme ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba tupu. Juu ya hapo, kila kiunganishi ni kibati kilichogusana tu na reli. Kikiwa kipya na kikavu kinapitisha vizuri. Kikishaingiwa na gundi, rangi na kutu, na mbao za meza zikatanuka na kusinyaa majira yakibadilika, kinapitisha kwa kubahatisha. Umeme wako unaotoka stesheni unavuka viunganishi vingapi hadi ufike handakini? Hesabu mwenyewe.

Chukua volti 15 na busta inayokata ikipita ampea 5. Ili ikate, ukinzani wote kuanzia busta hadi penye shoti, kwenda na kurudi, lazima uwe chini ya omu 3. Ukiwa omu 4, mkondo unakuwa ampea 3.75. Busta inaona treni kadhaa zinafanya kazi, inaendelea kusukuma. Hizo ni zaidi ya wati 55. Chuma cha kulehemu cha kawaida ni wati 40 hadi 60! Joto hilo linagawana pale penye ukinzani: kwenye viunganishi vibovu, na kwenye ncha ya gurudumu iliyogusa reli, na kwenye ule waya mwembamba ndani ya kichwa. Umewasha chuma cha kulehemu ndani ya treni yako, ndani ya handaki, na huoni.

Ndiyo maana hilo neno lako la "treni inazunguka safi" halinitulizi hata kidogo. Kichwa cha HO cha siku hizi kinatumia chini ya nusu ampea. Mkondo mdogo hivyo unapita hata kwenye viunganishi vibovu, volti inapungua kidogo tu, wewe unaona treni inatembea. Treni kutembea kunathibitisha kwamba nusu ampea inafika. Shoti inahitaji ampea 5 zifike, tena kwa haraka.

Aliyenipoteza mimi ni mtu aliyekuwa kwenye hobi hii miaka mingi kuliko mimi, mwenye meza nzuri kweli, na anayesikilizwa akiongea. Nilimuuliza waziwazi kama kila kipande cha reli kinahitaji waya wake. Akanicheka. Akasema raha ya DCC ni hiyo, nyaya mbili basi, mambo ya kutandaza nyaya kama buibui ni ya watu wasiojiamini. Muuzaji naye akarudia maneno yale yale huku akinifungia boksi. Bado yananikera. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupiga shoti ya makusudi kwenye meza yake akaona kinachotokea. Mtu hajapima, unapata wapi ujasiri wa kumcheka anayeuliza? Na wenye video ndio hao hao: wanaonyesha reli inatandazwa, treni inazunguka, kokoto zinamwagwa, muziki unapigwa, nyaya za chini ya meza huzioni.

Nitamtendea haki kwa jambo moja. Zama za analogi ushauri wake ulikuwa unafanya kazi. Kidhibiti cha zamani kinatoa kuanzia volti 0 hadi 12 na kwa kawaida ampea moja hivi. Shoti ikitokea, treni inasimama, hakuna kinachoyeyuka. Ila DCC inaweka volti kamili kwenye reli muda wote, na nyuma yake kuna ampea 5 zinasubiri. "Nyaya mbili" kwenye DCC maana yake ni nyaya mbili kuu zinazopita chini ya meza nzima, na kutoka humo kila kipande cha reli kinapata nyaya zake ndogo. Hiyo nusu ya pili ya sentensi ndiyo wanayoimeza.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na sina nyingine: kila kipande cha reli kipate waya wake, kisha sarafu ikate umeme kila mahali, ndipo kokoto.

Waya mkuu chini ya meza uwe mnene, milimita mraba 2.5 unatosha kwa meza yako, rangi mbili tofauti na usizichanganye kamwe. Nyaya ndogo za kupanda kwenye reli, nusu milimita mraba hadi 0.8, ziwe fupi, zisipite sentimita 30. Toboa tundu kando ya reli, pitisha waya, kunja ncha iwe umbo la L, lehemu ubavuni mwa reli upande ambao mtazamaji haoni. Kwangua reli pale kwanza hadi ing'ae. Weka vipande vya tishu vilivyolowa maji kila upande wa sehemu unayolehemu, vitameza joto, mataruma hayatayeyuka. Chuma kiwe na moto wa kutosha ili uguse na kutoka. Anayeharibu mataruma ni yule mwenye chuma baridi anayeng'ang'ania pale pale. Ukimaliza kila kipande, chukua multimeta uhakikishe hujavusha rangi, maana kosa moja la kuvusha ukiligundua mwishoni utalitafuta hadi uchoke.

Kwenye kona unaweza kulehemu na viunganishi vyenyewe ili reli ipinde bila kuvunjika. Kwenye nyoofu viache huru vipumue na mbao. Havitakuwa na kazi ya umeme tena, kazi yao itabaki kushika reli zilingane. Na pointi usiziamini hata kidogo: zipe nyaya pande zote, usitegemee ndimi kugusa reli. Kama moyo wa pointi zako, pale reli mbili zinapokatana, ni wa chuma, tenganisha reli zinazotoka moyoni kwa viunganishi vya plastiki kabla ya kuweka waya, la sivyo utatengeneza shoti kwa mkono wako.

Halafu sarafu. Washa busta, chukua sarafu, ilaze juu ya reli mbili. Busta lazima ikate papo hapo, kabla hata hujaachia mkono. Sogea kipande kinachofuata, rudia. Fanya kila kipande, kila tawi la pointi, upande wa ndani na wa nje, na zaidi kule handakini ambako mkono haufiki vizuri, maana huko ndiko ambako hutaona. Ukisikia inanguruma au ukaona cheche bila kukata, ondoa sarafu hapo hapo, umepata ugonjwa. Ongeza waya, pima tena. Baada ya nyaya kuwekwa, sarafu yangu inakata hata katikati ya handaki, na kichwa kikiacha njia kinasimama kimya, nakirudisha, maisha yanaendelea.

Kama una hofu wakati bado unajenga, funga taa ya breki ya gari ya volti 12, ile 1156, kwa mfululizo kwenye waya mmoja unaotoka kwenye busta. Shoti ikitokea taa inawaka na mkondo unabanwa kwenye ampea 2 hivi. Ila ukipima kwa sarafu iondoe, itakudanganya.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme yeye ana nyaya mbili miaka yote na hajaunguza kitu. Sawa, nafurahi kwa ajili yake. Aniambie meza yake ina urefu gani, busta ya ampea ngapi, na sarafu inakata au haikati kule mwisho. Akishajibu hayo matatu tutaongea. Bila hayo, asimpeleke huyu bwana nilikopelekwa mimi.

Kuhusu rangi ya kokoto: kijivu iliyochanganyika na kahawia kidogo, punje ndogo kuliko unavyodhani, maana kwenye HO kila kitu kimegawanywa kwa 87 na punje kubwa zitaonekana mawe ya kujengea. Ila usinunue bado. Nenda na sarafu sehemu tatu leo: stesheni, juu ya daraja, na katikati ya handaki. Ondoa vichwa vyote kwenye reli kwanza. Kisha rudi uandike hapa ni wapi imekata na ni wapi haikukata, na uweke picha ya chini ya meza. Nitakuwepo jioni.