Kabla Hujakatwa Mguu, Uliza Neva Zitapelekwa Wapi

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda karibu na Busia, na kwa miezi minane niliamini kwamba maumivu yaliyobaki ni sehemu ya msiba wenyewe. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Hata hivyo, nyuma ya kigutu palikuwa na mahali padogo kama punje ya mahindi, ambapo mguu wa bandia ulipopagusa nilishtuka kana kwamba nimeshika waya wa umeme, na shoti hiyo ikashuka hadi kwenye kidole gumba ambacho kilizikwa zamani. Muuguzi mmoja aliniambia, "Mzee, hayo ni ya akilini." Sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Nilichoelezwa baadaye ni kwamba neva, yaani mshipa wa fahamu, ikikatwa haitulii. Huendelea kukua, takriban milimita moja kwa siku, ikitafuta kule ilikokuwa ikienda, na isipofika popote nyuzi zake hujisokota na kuwa fundo linaloitwa nyuroma. Kwa desturi daktari huivuta neva, huikata juu, kisha huiacha irudi ndani ya nyama. Fundo huota vilevile, ila linafichika mahali pasipobanwa, na wengi huishi nalo bila taabu. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Njia mpya zaidi huipa neva kazi ya kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari Todd Kuiken na Gregory Dumanian wa Chicago, Marekani, waliunganisha neva zilizokatwa na vijineva vya misuli ya jirani, wakikusudia mgonjwa aweze kuongoza mkono wa bandia wa umeme kwa nia yake tu. Kumbe faida nyingine ilikuwa kwenye maumivu. Mwaka 2019 Dumanian na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watu 28, na waliounganishwa neva kwa namna hiyo walipata nafuu ya maumivu ya kiungo kisichokuwepo kuliko waliokatwa nyuroma na kufukiwa neva ndani ya misuli. Njia ya pili, iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Michigan, ni nyepesi zaidi: ncha ya neva hufungwa ndani ya kipande kidogo cha msuli kilichokatwa kwa mgonjwa mwenyewe. Kipande hicho kimepoteza neva yake, hivyo humpokea mgeni. Msuli wenye neva yake tayari una mwenyeji.

Hiyo ya pili ndiyo niliyofanyiwa. Kabla ya hapo daktari alihakikisha kwamba hakuna usaha, hakuna ncha ya mfupa inayochoma, na kwamba soketi ya mguu wa bandia, yaani kikombe kinachoingia kigutu, inanikaa sawasawa. Kisha akanichoma sindano ya ganzi pale penye punje, nikasimama na kuukanyagia mguu kwa nguvu zote, na kwa mara ya kwanza tangu ajali sikushtuka. Ukiwa na kigutu kinachouma, omba kipimo hicho kabla ya kukubali kisu, kwa sababu ganzi isipobadilisha kitu, huenda tatizo liko kwingine na upasuaji wa neva utakutia gharama bure.

Kwa anayesubiri kukatwa, na hapa Uganda wako wengi, wa ajali na wa kisukari, ushauri wangu ni kuuliza mapema: "Daktari, neva zangu utazifanyaje?" Kazi hiyo ni rahisi zaidi siku ileile ya kukatwa kuliko kurudi kufungua kigutu kilichopona. Yapo mazingira ambamo haiwezekani, kwa mfano kidonda kilichooza au mgonjwa anayepigania uhai, na jibu hilo lipokelewe.

Nafuu yangu haikuja haraka. Wiki za mwanzo maumivu yalizidi, nami nikajuta waziwazi mbele ya mke wangu. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji ndipo nilipovaa mguu kutwa nzima sokoni. Ile shoti imekwisha. Usiku wa mvua vidole visivyokuwepo bado hujikunja, lakini kwa ajili ya hayo nameza amitriptilini kidogo, dawa ya maumivu ya neva niliyoandikiwa, naweka kioo cha kabati katikati ya miguu, nautazama mguu wa kushoto ukinyoosha vidole humo, na mara nyingi vile vingine navyo hunyooka.