Kilomita 8,800 na ndege iliyoondoka jana

Juzi msomaji aliniandikia: "Kutoka Tokyo hadi Los Angeles ni kilomita 8,800 hivi, na ndege inakwenda kama 900 kwa saa. Kwa hiyo ni saa kumi kwenda na kumi kurudi, siyo?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Hesabu hiyohiyo niliwahi kuipiga mimi, nikajiona fundi.

Ilikuwa Julai. Niliondoka Tokyo saa kumi na moja jioni, nikatua Los Angeles saa tano asubuhi ya siku ileile. Nimefika kabla sijaondoka! Nilimsimulia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na wengine ambao hawakuwa tayari.

Sasa kurudi. Tiketi ilisema naondoka tarehe 14 saa tano asubuhi, nafika saa nane na nusu mchana. Mtu aliyefika kabla ya kuondoka atashangaa nini akiambiwa atafika saa tatu na nusu baada ya kuondoka? Pembeni ya saa ya kufika palikuwa na alama ndogo, +1. Nikadhani ni habari ya mizigo, yaani begi moja. Nikanunua tiketi nyingine peke yake, ya kutoka Tokyo tarehe 14 saa mbili usiku, nikajisifu kwamba nimejiachia nafasi ya kutosha.

Kaunta ya Tokyo, dada wa pale aliitazama tiketi yangu, akaitazama tena, akaniambia kwa upole: "Ndege hii iliondoka jana." Upole wake ndio ulioniuma zaidi. Nauli haikurudi hata senti, na bado inaniuma.

Kwa hiyo nisikilizeni. Kilomita mnazosoma ni za njia fupi kabisa juu ya mduara wa dunia, na ndege haifuati uzi. Halafu kuna upepo. Kule juu, mkondo wa upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea Los Angeles unakusukuma, ukirudi Tokyo unakukaba, ndiyo maana kwenda ni saa kumi hivi na kurudi ni kumi na moja na nusu. London na New York ni vilevile: kwenda New York ni kama saa nane, kurudi saba. Na anga ikifungwa, umbali kwenye ramani hausemi kitu tena. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa tisa na ushee, lakini tangu 2022, anga ya Urusi ilipofungwa, imekuwa kama kumi na tatu.

Lakini upepo haukunikosesha ndege. Kilichonikosesha ni tarehe. Saa za kwenye tiketi ni za mahali penyewe: ya kuondoka ni ya huku, ya kufika ni ya kule. Ukivuka Pasifiki kuelekea magharibi unavuka mstari wa tarehe, na siku inaruka mbele: ile +1 maana yake unafika kesho yake. Tazama tarehe. Ukimaliza, itazame tena, na usinunue tiketi ya pili kabla hujaiandika tarehe ya kufika kwa mkono wako.

Mwezi uliopita nimepita njia ileile. Nilitua tarehe 15, nikaunganisha tarehe 15, na pale kaunta nilimwonyesha dada mwingine tarehe kwa kidole kabla hajaniuliza chochote. Alinitazama kama mgonjwa.