Kituo cha afya cha kanisa na mgonjwa asiye na fedha

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya kituo cha afya cha usharika wetu. Kituo kinawadai wagonjwa fedha nyingi, na katika kikao kilichopita tuligawanyika. Wenzangu kadhaa walisema kwamba kuwatibu maskini ni kazi ya Serikali, kwa kuwa sote tunalipa kodi, na kwamba sadaka itumike kuhubiri Injili. Wengine walisema kuwa kanisa linalomrudisha mgonjwa mlangoni halina Injili ya kuhubiri. Je, wajibu wa kanisa unaishia wapi na wa Serikali unaanzia wapi?
Mzee wa kanisa, Nyanda za Juu Kusini

JIBU: Amina, mzee wetu. Nianze na hao waliosema kwamba maskini ni wa Serikali, kwa sababu ndani ya hoja yao mna ukweli ambao makanisa yetu huusahau. Katika Mambo ya Walawi 19 mwenye shamba anaagizwa asivune hadi pembezoni mwa shamba lake, wala asirudi kuokota masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Masazo yale hayakuwa hisani yake: maskini aliingia shambani kwa amri ya sheria, bila kumpigia mtu magoti. Zaburi ya 72 nayo inampima mfalme kwa jinsi anavyomwokoa mhitaji anapolia. Kwa hiyo mgonjwa asiye na uwezo anapotibiwa kwa fedha za umma anapata haki yake, na Mkristo anayelipa kodi kwa uaminifu anashiriki katika kuitimiza.

Hata hivyo, hoja hiyo haiwaruhusu kufunga mlango, maana katika nchi yetu kazi hii imefanywa kwa pamoja kwa muda mrefu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilitaifishwa mwaka 1972, kisha ikarudishwa kwa maaskofu mwaka 1985 ili iendeshwe kwa makubaliano na Serikali. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini hati ya maelewano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki, na ndipo ilipoundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Wilaya kadhaa zisizokuwa na hospitali ya Serikali zilitumia hospitali za kanisa kuwa Hospitali Teule, yaani zifanye kazi ya hospitali ya wilaya. Kituo kinachopokea mtumishi, dawa au ruzuku kutoka serikalini kimeshika fedha ya Mwislamu, ya Mkristo na ya asiye na dini, kwa hiyo hakina ruhusa ya kumtanguliza muumini kwenye foleni wala ya kuyafanya mahubiri kuwa sharti la kupata dawa.

Sasa nije kwenye madeni, ambako naona ndiko kwenye uzito. Mama anapofika dirisha la malipo na noti mbili alizozifunga kwenye pindo la khanga, uamuzi wa kumtibu au kumrudisha usiachwe mikononi mwa karani wa fedha, ambaye naye anaogopa hesabu zisipofunga jioni. Katika Matendo ya Mitume 6 wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume, badala ya kuongeza mahubiri juu ya upendo, waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wakabidhiwe kazi hiyo. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: chagueni watu wachache, wawe na mfuko wao, na wamsikilize mwenyekiti wa kitongoji na afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa hao wanazijua kaya zisizo na kitu. Fungu la kuanzia linaweza kutoka kwenye mnada wa mavuno baada ya ibada, pale jogoo mmoja anaponunuliwa, akarudishwa mezani na kuuzwa tena. Na jambo moja nalisema bila kuzunguka: msizuie maiti kwa sababu ya deni. Kufanya hivyo ni kumfanya marehemu kuwa rehani, na hakuna kamati ya kanisa inayoweza kulitetea jambo hilo mbele za Mungu.

Mfuko huo hautatosha, wala haupaswi kuificha kasoro iliyo nje ya kituo. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa shirika la Kikatoliki la Maryknoll huko New York, Mwalimu Nyerere aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litapoteza maana kwao. Ninakubaliana naye kabisa. Sera ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa hiyo huenda sehemu ya madeni mnayowadai wagonjwa ni gharama ambayo halmashauri ilipaswa kuibeba. Fungueni daftari la makundi hayo peke yake, mwezi kwa mwezi, na majumlisho yake myapeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa barua iliyosainiwa na mchungaji na mwenyekiti wa kamati, kabla halmashauri haijapitisha bajeti. Diwani wenu naye apewe nakala, awe muumini wenu au asiwe.