Kopi ya Kitambulisho Chako Imebakia Wapi?

Ninaendesha duka dogo la fotokopi na uchapaji hapa Chake Chake, Pemba, na kazi inayonipa riziki siku nyingi ni kutoa kopi za vitambulisho: cha Mzanzibari Mkaazi kwa anayeomba ajira, cha NIDA, yaani cha taifa, kwa anayefungua akaunti ya benki, pamoja na barua ya sheha. Wizi wa utambulisho ni mtu mwengine kutumia jina lako, namba zako, picha yako au alama za vidole vyako kufanya jambo litakalohesabika umelifanya wewe, kama vile kusajili laini, kukopa au kuwaomba pesa jamaa zako. Watu huuhusisha na mabingwa wa kompyuta walioko mbali, lakini kwa ninavyoona mimi, taarifa nyingi huvujia kwenye meza kama yangu na ya wakala wa laini, ambako mwenyewe huzitoa kwa hiari na kuondoka bila ya kuuliza zitabakia wapi.

Mashine ikimwaga wino, kopi ya kwanza hutoka na doa jeusi, hivyo mwenye duka huiweka pembeni na kutoa nyengine. Mteja hulipia ile safi, hushukuru, huenda zake. Ile mbovu ina jina, tarehe ya kuzaliwa, namba na mara nyengine saini, vyote vikisomeka bila ya shida. Karatasi hizo haziachi kupata wateja, kwani muuza njugu huzihitaji kwa kufungia, na nimewahi kununua njugu nikakunjua karatasi nikakuta ni nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu. Kwangu kopi mbovu huchanwa mbele ya mwenyewe. Kwengineko idai, uichane wewe, wala usione haya. Picha uliyoituma kwa WhatsApp ili ichapwe nayo hubakia katika simu ya duka, ambayo hushikwa na kila anayesaidia kazi, kwa hiyo simama hapo hapo mpaka uione inafutwa. Ukifungua barua pepe yako kwenye kompyuta ya duka, toka kabisa kwenye akaunti, maana kufunga dirisha peke yake hakutoshi.

Kabla ya kuikabidhi kopi popote, chora mistari miwili juu yake, pasipo kuziba maandishi, na kati yake uandike tarehe na kazi inayokusudiwa, kwa mfano "Kwa maombi ya ajira tu". Aliyeipokea kwa haki hatadhurika, na atakayetaka kuipeleka kwengine itamtia mashakani.

Jambo jengine ambalo wengi hawalitambui ni kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwako. Mwenye kopi yako, basi, anao mwaka wako wa kuzaliwa, na huo ndio ambao watu wengi huufanya namba ya siri ya pesa za simu. Kama namba yako ya siri ni hiyo, ibadilishe leo.

Kwa wakala wa laini mambo yanahitaji jicho zaidi. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kidole chako ndicho kinachothibitisha kuwa laini ni yako. Shangazi yangu wa Wete alikwenda kusajili laini kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli. "Mama, kidole hakijasoma, hebu kiweke tena." Akakiweka, na akakiweka tena, na kwa kuwa mikono iliyochambua karafuu umri mzima alama zake hufifia kweli, hakuona ajabu. Baadaye nilimpigia *106# katika simu yake, na ndani ya orodha ya namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake ikatokea moja asiyoijua. Tulikwenda naye katika ofisi ya kampuni yenyewe, ikafungwa. Piga *106# kila baada ya muda, kwenye kila mtandao unaoutumia, na ukiambiwa urejee kidole, taka kwanza uone skrini. Bora zaidi, sajili ofisini.

Kuhusu wanaopiga simu wakitaka uwatajie tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti zilizoingia kwa ujumbe, sina mengi: usizitaje, hata sauti iwe ya jamaa yako. Namba ya anayekutapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, inakoripotiwa utapeli.

Sheria ipo. Kujifanya mtu mwengine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akujuulishe ni za kazi gani. Kwa Zanzibar hiyo ya pili inahusu mambo ya Muungano, na simu zimo.

Simu yako ikikosa mtandao ghafla ilhali wenzako wa kampuni hiyo hiyo wanapiga kama kawaida, huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi ya mtu mwengine. Usingoje mpaka asubuhi: azima simu ya mtandao huo huo, piga 100, taka laini na akaunti ya pesa vifungwe, uiarifu benki kama imeunganishwa na namba hiyo, halafu ndipo uende kituo cha polisi ukaandikishe taarifa, ukiwa na kitambulisho chenyewe mkononi.