Nyumba hii haiuzishwe

Asubuhi moja ya Oktoba nilitoka kwenda kazini nikakuta ukuta wetu wa mbele, kule Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo, umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Rangi ilikuwa bado mbichi. Saa nne komisioneri, yaani dalali wa nyumba, alikuwa aniletee mnunuzi. Na aliyeandika, nilijua kabla jua halijawa kali, alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja.

Kwa wasomaji wa pwani nieleze kidogo: huku Lubumbashi anayetoa pesa apewe kitu ndiye "anauza", na anayetoa kitu apewe pesa "anauzisha". Nilipomwambia shemeji yangu wa Dar es Salaam kwenye simu kwamba kuna mtu anataka kuuza nyumba yetu, alinishauri nikimbilie polisi. Humu nitaandika "kuuzisha" tuelewane, maana nataka kukueleza jinsi ya kuuzisha nyumba bila kukosa usingizi.

Wiki ile silali. Muuguzi alinipima tansio, yaani presha ya damu, akakuta 16 (ndiyo 160), akaniuliza nina matatizo gani. Nikamwambia ni bei, ni makomisioneri, ni karatasi. Sikumtajia mdogo wangu. Leo naona yeye ndiye alikuwa ugonjwa wenyewe, au tuseme mimi, kwa namna nilivyomruka.

Nyumba ni ya marehemu baba. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma, chumba baada ya chumba, akiwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini. Alipofariki tulibaki watoto watano na mama. Nilizungumza na mama, nikazungumza na yaya, ndugu yetu mkubwa, na wale wawili walioko Likasi wakakubali. Kitinda mimba, huyo mdogo wangu, yuko mji mwingine, Kolwezi, nikajisemea: nitamwambia bei ikishapatikana. Akazisikia habari kwa fundi wa jirani.

Tulikaa kwa yaya siku ya Jumapili, kuanzia chakula cha mchana hadi giza. Bukari, ugali wetu, ilipoa mezani. Nilikuwa nimejiandaa kubishana juu ya mgawo, nina hata karatasi ya hesabu mfukoni. Mdogo wangu hakugusa mambo ya pesa. Alisema kile chumba cha nyuma alikijenga kwa mshahara wake wa kwanza, na hakuna mtu aliyekumbuka kukitaja. Ndiyo hiyo tu. Mama alilia, tukaandika mhtasari wa kikao, chumba chake kikatajwa ndani yake, kila mmoja akatia sahihi. Usiku ule nililala saa nane mfululizo, na nyumba ilikuwa bado haina mnunuzi.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, usianze na bei. Andika majina ya wote wenye sauti juu ya nyumba hiyo, hata yule mkaidi, hata aliye mbali, umwendee kila mmoja kabla komisioneri hajaijua njia ya kwako. Kama una mke au mume, sahihi yake inahitajika pia. Kuiuzisha nyumba ya ndoa kwa siri ni kujinunulia kesi.

Halafu karatasi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na sisi tuna haki ya kuutumia tu. Haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji, inayotolewa na konservateri wa hati za nyumba, yaani afisa wa Serikali anayezitunza. Wengi wetu katika makomini (manispaa) ya zamani tunashikilia kitabu cha nyumba cha baba kilichochakaa na risiti za komini, tukidhani tumemaliza. Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Mnunuzi mwenye pesa za kweli anauliza sertifika siku ya kwanza, na kama huna, kila swali lake utalisikia kama tusi. Tulisimamisha kila kitu kwa miezi minne ili tuipate. Ilikula hela na uvumilivu, lakini baada ya hapo nikiulizwa nilikuwa najibu nimekaa.

Makomisioneri ni watu wa kazi yao, siwasemi vibaya wote. Ila mmoja wa watatu niliokuwa nao alikuwa akileta watu sita kwa wiki, wanachungulia hadi chumba cha kulala cha mama, wanaondoka bila kutaja bei. Kumbe kila mgeni alimlipa dola 5 za kutembezwa. Alikuwa na faida zaidi nyumba ikikaa bila kuuzwa! Nilibadilisha masharti kwa wote watatu: asilimia ya komisioneri imeandikwa, analipwa siku ya sahihi, wageni ni Jumamosi alasiri tu, na simu yangu haipokei habari za nyumba baada ya saa mbili usiku. Wawili walinikimbia. Mmoja alibaki, na ndiye aliyeuzisha.

Kuhusu bei: mimi na ndugu zangu tuliandika kiasi ambacho hatushuki chini yake, tukaifunga bahasha, yaya akaiweka. Mtu akinibana nilimjibu, "Si mimi ninayeamua, ni bahasha." Inachekesha, lakini iliniondolea uzito wa kuamua peke yangu nimesimama kwenye vumbi.

Paa lilikuwa linavuja upande wa jikoni. Komisioneri alitaka tungoje kiangazi, mwezi wa Juni, nani atajua. Nilikataa. Mvua ikinyesha nimwonyeshe mnunuzi ndoo mwenyewe, kuliko nimkute mahakamani mwezi wa kumi na mbili. Alipunguza bei kidogo, tukawa bado juu ya bahasha.

Malipo yapite benki. Kuhesabu dola sebuleni, huku mnabishana ni noti gani imechanika pembeni na ipi haitapokelewa sokoni, ni njia ya kumpandisha mtu mzima tansio. Na omba siku za kuhama ziandikwe kwenye mkataba. Sisi tulipewa 60, tukapata muda wa kumtafutia mama nyumba ya kupanga karibu na kanisa lake bila kukubali garanti (pesa ya dhamana ya kupanga) ya kwanza tuliyotajiwa.

Lile andiko ukutani lilikaa hadi sertifika ilipotoka. Mdogo wangu alikuja kutoka Kolwezi na kopo la chokaa, akapaka mara mbili, na wekundu ukawa bado unaonekana kwa chini. Mnunuzi alipouliza ni nini, akamjibu, "Ni mimi niliandika. Sasa inauzishwa."