Stima ikipotea usiku Likoni

Dada, umeuliza nyinyi wamishenari wageni mtaishije na watoto Likoni stima ikipotea usiku. Karibuni sana Mombasa. Giza mtalizoea upesi. Shida ni joto. Feni ikizima, fungueni madirisha yenye wavu wa mbu, mtandike mkeka sakafuni, watoto watalala. Friji ikibaki imefungwa, chakula hakiharibiki kwa muda wa saa 4 hivi. Ichomoeni mapema, maana stima ikirudi kwa nguvu huunguza vyombo. Maji jazeni mitungini kila jioni, pampu haivuti bila stima. Jenereta msikimbilie kununua: mafuta ni ghali, na kelele zake zitawanyima usingizi majirani mliokuja kukaa nao. Taa za sola zinatosha.